Kuichunguza Noah Kabla ya Kuinunua: Uimara wa Gari la Familia Lililotumika Mkoani Singida

Gari la familia lenye safu tatu za viti, ambalo mkoani Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, huitwa Noah hata pale linapokuwa Voxy, Ipsum au Serena, hununuliwa kwa matarajio makubwa: kwamba litawabeba wazazi, watoto, bibi na mgeni wake, pamoja na gunia la alizeti na tenga la kuku, na kwamba litawafikisha wote waendako bila kulala njiani. Uwezo huo ndio uimara unaozungumziwa hapa, nao haumaanishi kwamba gari haliharibiki kamwe, kwa kuwa chombo cha namna hiyo hakipo, bali kwamba linaharibika kwa nadra, linatoa dalili kabla ya kuharibika, na likiharibika linaweza kutengenezwa karibu na nyumbani, na fundi anayelifahamu, kwa fedha ambazo familia inazo. Ukitazamwa hivyo, uimara hauko kwenye jina la kampuni lililobandikwa nyuma ya gari. Unatokana na mambo matatu yanayotegemeana, yaani matumizi ambayo gari hilo mahususi limekwisha kupitia, barabara litakazopita kuanzia sasa, na gereji itakayolihudumia. Mnunuzi anayeuliza tu kama Noah ni gari zuri ameuliza swali ambalo hata jibu lake sahihi halitamsaidia sana.

Sehemu kubwa ya magari haya huanzia Japani, nchi ambayo, kama Tanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na ambayo sheria yake humtaka mwenye gari binafsi kulipeleka kwenye ukaguzi wa lazima miaka 3 baada ya kulisajili likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, unaojulikana kwa Kijapani kwa jina la shaken, huambatana na kodi na bima, hivyo kadiri gari linavyozeeka gharama ya kulimiliki huonekana kubwa kuliko thamani yake, na mwenyewe huona afadhali aliuze hata kama bado lina nguvu. Nchi za Afrika Mashariki hazikulipokea wimbi hilo kwa namna moja: Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu mwaka 2018 imepiga marufuku kuingiza lililofikisha miaka 15, ilhali Tanzania haikufunga mlango bali hutoza kodi zaidi kwa gari lenye umri mkubwa. Kodi hizo hutegemea pia ukubwa wa injini, kwa kuwa ushuru wa bidhaa kwa gari lenye injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, na kwa lililozidi 2,000 ni asilimia 10. Noah ya kawaida, yenye injini ya lita 2 kasoro kidogo, huangukia upande wa nafuu, na Alphard ya lita 2.4 upande wa pili. Matokeo ni kwamba katika soko la Tanzania gari la mwaka 1998 na la mwaka 2012 huuzwa katika uwanja mmoja, wakati mwingine kwa bei zisizopishana kama inavyostahili, na kazi ya kupima umri na uchakavu, ambayo kwingine hufanywa na sheria, hapa imeachiwa mnunuzi.

Katika nchi tajiri mnunuzi husaidiwa na taarifa za takwimu. Nchini Ujerumani taasisi za TÜV huchapisha kila mwaka matokeo ya ukaguzi wa mamilioni ya magari, yakionyesha ni aina gani hukutwa na kasoro nyingi, na nchini Marekani jarida la Consumer Reports hukusanya maelezo ya wenye magari kuhusu yaliyowaharibikia. Taarifa hizo hazimfai sana mkazi wa Singida, kwanza kwa sababu Noah, kwa jina hilo na umbo hilo, haikuuzwa rasmi katika masoko hayo, na pili kwa sababu wastani wa aina nzima hausemi chochote cha hakika kuhusu gari moja lenye umri wa miaka 18 lililobadilisha wamiliki mara tatu. Gari likiwa jipya, aina yake ndiyo inayotabiri mengi. Likizeeka, namna lilivyotunzwa hupita aina kwa uzito. Hata hivyo aina haipaswi kupuuzwa, maana kila kizazi cha Noah kina udhaifu wake, na mtu anayejua udhaifu huo hujua pa kutazama kwanza.

Kizazi cha gari hutambulika kwa namba ya chesisi, ambayo kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huanza kwa herufi na tarakimu chache zinazotaja injini na umbo, kisha kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Noah za kwanza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996 kwa majina ya TownAce na LiteAce, huanza kwa SR40 au SR50, na injini yake ni 3S-FE ya petroli iliyowekwa chini ya viti vya mbele na kuendesha magurudumu ya nyuma, au magurudumu yote manne katika SR50. Zipo pia za dizeli zinazoanza kwa CR, zenye injini ya 3C, ambayo hujulikana kwa mafundi kwa tabia ya kupasuka silinda hedi inapochemka, na ambayo mtu asiye na moyo wa gereji afadhali aipishe. Kizazi cha pili kilitoka mwishoni mwa mwaka 2001, namba zake zikianza kwa AZR60 au AZR65, injini ikiwa imehamia mbele na kuendesha magurudumu ya mbele, au yote manne katika AZR65. Kizazi cha tatu, ZRR70, kilianza mwaka 2007.

Tofauti ya injini hizo ina maana kubwa kwa anayeishi Kiomboi, Itigi au Nduguti. Injini ya 3S-FE hunyunyizia petroli katika njia ya hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, kwa shinikizo dogo, na kwa kuwa ilitumika pia katika magari mengine mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, spea zake ni nyingi na mafundi wanaoijua ni wengi zaidi. Injini ya 1AZ-FSE ya kizazi cha pili hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa sana, utaratibu ambao Toyota iliupa jina la D-4. Hupunguza ulaji wa mafuta, lakini pampu yake ya shinikizo ni ghali, haipendi petroli chafu, na kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, masizi hujikusanya hapo hadi injini ikaanza kutetemeka gari linapokuwa limesimama. Noah ya kizazi cha kwanza iliyotunzwa vizuri inaweza basi kuwa gari la kutegemewa zaidi katika kijiji kilicho mbali na lami kuliko ndugu yake mdogo anayependeza zaidi, ingawa ni ya zamani, ina kelele na hupasha joto makalio ya dereva. Mnunuzi wa kizazi hicho cha kwanza hana budi kuuliza jambo moja la ziada: mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaozungusha valvu kwa mwendo unaolingana na pistoni, ulibadilishwa lini, kwa sababu hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kizazi cha pili hutumia mnyororo badala ya mkanda huo.

Jambo linalostahili kuchunguzwa kuliko mengine yote, katika kizazi chochote, ni mfumo wa kupoza injini, na Singida ina sababu zake za pekee. Mji wa Singida uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linalotunzwa na mfuniko wa rejeta, kifaa kidogo cha bei ndogo ambacho wengi hawakibadilishi hadi mpira wake unapooza. Juu ya hilo, maji ya visima katika sehemu nyingi za mkoa huu yana chumvichumvi na madini, ikiwamo floridi, na dereva anayejaza rejeta kwa maji hayo badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu kinachozuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, hujenga ukoko ndani ya vijia vyembamba vya rejeta mwaka hadi mwaka, mpaka siku ya safari ndefu maji yanaposhindwa kupita. Barabara kuu ya kwenda Nzega na Mwanza huteremka Mlima Sekenke hadi mbuga za Wembere, na wakati wa kurudi gari lililojaa watu hulazimika kuupanda mlima huo katika joto la mchana, mahali ambapo rejeta iliyoziba hujitangaza yenyewe.

Injini iliyowahi kuchemka vibaya huacha alama, na alama hizo husomwa injini ikiwa baridi. Kwa sababu hiyo gari halipaswi kukaguliwa mchana baada ya muuzaji kulizungusha mjini, bali asubuhi kabla halijawashwa, na mnunuzi akigusa boneti akaikuta ina joto ana haki ya kujiuliza kulikuwa na haraka gani. Mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, kwani ikiwa ya moto maji yake huunguza uso: maji ya rangi ya kutu husimulia miaka ya uzembe, na utando wa mafuta juu yake husimulia jambo baya zaidi. Gasketi ya silinda hedi ni karatasi ngumu iliyobanwa kati ya sehemu ya chini ya injini na kichwa chake, ikitenganisha moto, maji na oili. Ikiungua, vitu hivyo vitatu huanza kukutana. Oili ikipata maji hugeuka rangi ya maziwa ya chai na kuganda chini ya mfuniko wa kujazia oili. Moto ukiingia kwenye maji, mapovu hutokea katika rejeta mara injini inapowashwa. Na maji yakiingia kwenye silinda, eksozi hutoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto. Katika injini za jamii ya 1AZ, ambazo bloku yake ni ya aluminiamu, kuna tatizo jingine linalojulikana, ambalo ni kung'oka kwa nyuzi za matundu ya bolti zinazoshikilia silinda hedi, hivyo hata gasketi mpya haibanwi sawasawa. Fundi anayesema kwamba ni gasketi tu, tena kazi ya siku moja, huenda anasema kweli, lakini gari la aina hiyo afadhali linunuliwe na mtu mwingine.

Adui wa pili ni vumbi, ambalo katika nyanda hizi kame husafiri na upepo kwa miezi mingi ya mwaka. Chujio la hewa, ambalo gereji nyingi huliita eakilina, ndilo linalozuia vumbi hilo lisiingie kwenye silinda, na mazoea ya kulipuliza kwa upepo wa kompresa kila mara badala ya kulibadilisha hulitoboa matundu yasiyoonekana kwa macho. Njia ya kugundua madhara ni rahisi na wauzaji wachache huifikiria: bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini lifunguliwe, na kidole kipitishwe ndani yake. Upande huo unapaswa kuwa safi; kidole kikitoka na unga mwekundu, injini imekuwa ikila vumbi, na vumbi husaga ringi za pistoni na kuta za silinda hadi oili inapoanza kupenya na kuungua. Moshi wa bluu unaotoka mara gari linapowashwa asubuhi, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, ndiyo dalili ya injini inayokula oili. Injini ya 2AZ-FE, iliyomo katika Alphard nyingi na katika Ipsum za kuanzia mwaka 2001, inajulikana kwa kula oili hata pasipo vumbi, kutokana na ringi za baadhi ya matoleo yake, hivyo kijiti cha kupimia oili katika magari hayo kitazamwe kwa makini, na muuzaji aulizwe waziwazi huongeza oili kiasi gani kati ya huduma moja na nyingine.

Giaboksi ndiyo sehemu ambayo kuharibika kwake huweza kugharimu hadi thamani ya gari lenyewe ikatiliwa shaka. Noah nyingi zina giaboksi ya otomatiki, na ya aina ya zamani, yenye gia nne, ni ngumu kufa ikibadilishiwa mafuta yake, ambayo mafundi huyaita haidroliki: yanapaswa kuwa mekundu na yasiyo na harufu, na yakiwa ya kahawia yenye harufu ya kuungua, gari limeshaanza kusafiri kuelekea gereji. Matoleo mengi ya baadaye, ikiwamo ya ZRR70, yana giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Giaboksi hiyo ni laini kuendesha lakini inahitaji mafuta yake maalumu, na kosa linalofanyika mara nyingi gereji, la kuijaza haidroliki ya kawaida, huanza kuiua polepole bila dereva kujua. CVT iliyochoka hutetemeka gari linapoondoka taratibu, huvuma kama beringi mbovu, au husita sekunde kadhaa kabla ya kushika mtu anapotia rivasi. Majaribio hayo yafanywe injini ikiwa baridi na yarudiwe ikiwa na joto, kwa kuwa zipo giaboksi zinazojifanya nzima kwa kilomita 10 za kwanza.

Swali la nani alilitumia gari kabla huzidi mengine kwa uzito katika Singida, kwa sababu gari hilohilo linalotafutwa na familia ndilo lililobeba abiria wa vijijini kwa miaka. Nchini Tanzania gari la biashara huvaa kibao cha namba cheupe na gari binafsi kibao cha njano, na gari linapotoka kwenye biashara hubadilishiwa kibao bila kubadilishwa mwili. Noah iliyotengenezwa kwa watu 7 au 8 na ikabeba idadi ambayo abiria wenyewe wanaijua hubaki na ushahidi mwingi: mlango wa pembeni unaoburuzwa huwa umelegea na hulazimika kuinuliwa ndipo ufunge, reli yake huwa imelika, sponji za viti vya katikati huwa zimekufa kuliko za kiti cha dereva, springi za nyuma huwa zimelala, na wakati mwingine alama ya mstari wa rangi ya njia huonekana chini ya rangi mpya mtu akitazama ubavuni jua likiwa limeinama. Gari la namna hiyo si lazima likataliwe, maana injini inayofanya kazi kila siku wakati mwingine hutunzwa kuliko inayolala, lakini bei yake haiwezi kuwa ya gari lililokuwa likipeleka watoto shule.

Uvungu wa gari nao husimulia lilikotoka. Magari yaliyoishi katika mikoa ya Japani yenye theluji, kama Hokkaido na Niigata, hupita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kutoka chini. Yaliyoishi Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam hupata kutu ya upepo wa bahari. Nayo yaliyozama katika mafuriko, mathalani katika bonde la Msimbazi, huoza nyaya kimyakimya. Hewa kavu ya Singida haianzishi kutu nyingi, jambo linalowafanya wakazi wake wasiwe na mazoea ya kuitafuta. Gari liinuliwe, na chuma kigongwe kwa bisibisi kwenye miisho ya chesisi na pale shokapu zinapoungana na bodi. Rangi nyeusi mbichi iliyopigwa uvunguni siku chache kabla ya mauzo ni ya kutiliwa mashaka kuliko kutu yenyewe. Mkanda wa kiti ukivutwa hadi mwisho wake huonyesha mstari wa matope ambao hakuna mwosha magari anayekumbuka kuusafisha, na lebo yake katika magari mengi ya Toyota hutaja mwaka wa kutengenezwa.

Lebo hiyo huleta suala la umri na kilomita, ambalo limejaa ujanja. Herufi za namba ya usajili, kwa mfano gari la namba D au namba E, husema tu ni lini lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa, na dalali anayesifia namba mpya ya gari la mwaka 2003 hasemi uongo, bali anajibu swali ambalo halikuulizwa. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, na zile za dijiti hurudishwa kwa urahisi zaidi kuliko za zamani. Hapa mnunuzi anahitaji ushahidi unaothibitishana. Gari la familia nchini Japani hutembea kwa kawaida chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka. Mwenye gari wa Singida anayekwenda Dar es Salaam na kurudi mara moja kwa mwezi, safari ya takriban kilomita 1,400, hupita 16,000 kwa mwaka kabla ya kuhesabu mizunguko ya mjini. Noah ya mwaka 2004 iliyokaa Tanzania miaka 10 na kuonyesha kilomita 70,000 inadai jambo ambalo hesabu hailiungi mkono, na mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa na kitufe cha dirisha kilichofutika maandishi huwa mashahidi wa upande wa pili. Kama nyaraka za kutoka Japani zimetunzwa, cheti cha kuondoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na karatasi ya mnada huwa na daraja la gari: 4 au 4.5 ni zuri, 3 limechoka, na herufi R humaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Tarakimu nne za mwisho kwenye tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na gari linaloonyesha kilomita chache huku likiwa limevaa tairi za tatu lina mengi ya kueleza.

Ajali iliyofichwa hugunduliwa kwa kutazama mianya kati ya boneti, milango na bampa, ambayo inapaswa kulingana pande zote mbili, kwa kugonga bodi kwa kifundo cha kidole kusikia pale ilipojazwa puti, na kwa kulinganisha alama za vioo, kwani kioo chenye alama tofauti na vingine kimebadilishwa. Ufunguo uzungushwe bila kuwasha injini: taa zote za tahadhari, ikiwamo ya injini na ya mifuko ya hewa, zinapaswa kuwaka kisha kuzimika baada ya injini kuwaka, na ile isiyowaka kabisa huenda imefunikwa au imekatwa makusudi. Mifuko ya hewa yenyewe ina habari yake, kwa kuwa ile ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa katika mamilioni ya magari ya miaka ya 2000, ikiwamo ya Toyota na Honda, iliitwa irudishwe duniani kote baada ya kugundulika kwamba kemikali yake, ikichoshwa na joto na unyevu, inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Toyota ina ukurasa wa intaneti ambapo namba ya chesisi ya gari la Kijapani huonyesha kama marekebisho hayo yanahitajika.

Fundi wa kukagua anapaswa kuchaguliwa na kulipwa na mnunuzi mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali, hata akiwa mwaminifu, anajua mkate wake wa wiki ijayo utatoka kwa nani. Gari lijaribiwe likiwa na watu wa kutosha, katika lami na katika barabara ya vumbi yenye makorongo, ambako boli jointi, bushi na shokapu zilizochoka hugonga. Katika magari ya kuendesha magurudumu ya mbele usukani ukatwe hadi mwisho na gari lizungushwe taratibu, kwa kuwa mlio wa takatakataka ni wa viungo vya ekseli vilivyokwisha. Kabla hata ya hapo, mnunuzi amuulize fundi wake ni spea zipi za gari hilo zinapatikana Singida mjini, na zipi huagizwa Arusha au Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Serena na Stepwgn ni magari mazuri ambayo mtu wa Dar es Salaam hana sababu ya kuyaogopa, lakini kwa mkazi wa Mkalama kila siku ya kusubiri kifurushi stendi ni siku ambayo familia haina gari.

Nyaraka hazipimi injini, lakini gari lisilo na nyaraka safi haliwezi kutegemewa na yeyote. Kadi ya gari iwe halisi, kwa sababu nakala mara nyingi humaanisha kwamba halisi imewekwa rehani mahali fulani; jina lililomo lilingane na kitambulisho cha muuzaji; namba za chesisi na injini zisomwe kwenye chuma na kulinganishwa na kadi herufi kwa herufi. Deni la faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa Jeshi la Polisi, uhalali wa bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na uhamisho wa umiliki hufanywa TRA, si kwa mkataba wa serikali ya mtaa pekee. Gari lililosajiliwa Zanzibar huhitaji kwanza kuthibitishwa kama tofauti ya kodi ya Tanzania Bara imelipwa.

Mwisho ni hesabu ya fedha, na hapa wanunuzi wengi hutumia shilingi yao ya mwisho kwenye bei. Gari lililotumika, hata likipita majaribio yote, linahitaji akiba ya kulianzia upya: oili na vichujio vyote, rejeta isafishwe na kujazwa kulanti, mfuniko wake na themostati vibadilishwe, mafuta ya giaboksi yabadilishwe kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji, na kwa 3S-FE isiyo na kumbukumbu, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji vibadilishwe kwa mara moja kwa kuwa vyote hufikiwa kwa kazi ileile. Akiba hiyo ipunguzwe kwenye fedha iliyopo kabla mazungumzo ya bei hayajaanza, na kazi hizo zifanywe katika wiki ya kwanza, kabla ya safari yoyote inayopita Sekenke.